Mwagizaji wa Chipu Naye Abebe Mzigo

Wako wanaodai kwamba uhaba wa chipu, yaani vile vipande vidogo vya silikoni viendeshavyo kompyuta na mitambo ya magari, uliosimamisha viwanda vya magari mwaka 2021, ulitokana na uzembe wa watengenezaji wa chipu. Hatukubaliani nao.

Mapema mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipoenea, makampuni ya magari yalihofia kukosa wanunuzi, yakafuta maagizo yao. Watu waliofungiwa majumbani wakanunua kompyuta kwa wingi, na nafasi iliyoachwa katika viwanda vya Taiwan na kwingineko ikachukuliwa na wengine. Kabla ya mwaka kwisha magari yakatakiwa tena. Wenyewe waliporudi walikuta foleni. Chipu huchukua kiasi cha miezi mitatu kutengenezwa. Kiwanda kipya huchukua miaka miwili, mitatu au zaidi, na mabilioni ya dola, na mashine zake hupitwa na wakati upesi, zifanye kazi zisifanye. Ni nani basi atakayejenga kwa kutegemea agizo linaloweza kufutwa kwa barua moja? Mtumishi aliyewahi kuandaa makadirio ya fedha anaujua ugumu huo, ijapokuwa yeye hukadiria mwaka mmoja tu.

Wala kujenga kwa pupa si dawa. Januari 2022 kampuni ya Intel ilitangaza viwanda viwili huko Ohio, Marekani, kwa zaidi ya dola bilioni 20, uzalishaji uanze 2025. Ulipofika 2025 ikasema cha kwanza hakitakamilika kabla ya 2030. Na mwaka huo huo ikauacha kabisa mradi wake wa Magdeburg, Ujerumani, ulioahidiwa ruzuku ya serikali ya karibu euro bilioni 10.

Toyota, baada ya tetemeko la ardhi la 2011, iliwataka wauzaji wake waweke akiba ya chipu ya miezi kadhaa. Akiba hiyo iliifaa mwanzoni mwa 2021. Lakini Septemba nayo ilipunguza uzalishaji kwa asilimia 40.

Kwa hiyo akiba peke yake haitoshi. Hapana budi mwagizaji alipie mapema sehemu ya uwezo wa kiwanda anaoutaka, na fedha hizo azipoteze akijitoa. Mjenzi naye asimamishe majengo kwanza, kwani gharama kubwa zaidi ni mashine, na hizo zinunuliwe maagizo yakithibitika. Na serikali itoayo ruzuku iulize, kabla ya kutoa hata senti moja: nani ametia sahihi kununua, na kwa miaka mingapi?