Usimwite Mtu Mwizi Sababu ya Desimali

Wasee, hii imenifunza kuliko chuo nilichoacha. Mama mmoja muuza samaki wakavu hapa Lodwar aliniomba programu ya kukagua mizigo anayotuma Kakuma. Pakiti moja kilo 0.1, nyingine 0.2, risiti 0.3. Programu ikasema: HAILINGANI. Akamshuku dereva. Kumbe kosa ni langu.

Kompyuta inahesabu kwa 0 na 1 tu, so 0.1 haiwezi kuiandika kamili, vile sisi hatuwezi kumaliza 1÷3. Jaribu 0.1 + 0.2 kwa Python: 0.30000000000000004.

Usiulize kama ni sawa kabisa. Uliza kama tofauti imezidi kiasi fulani. Na hicho kiasi usikikisie ukiwa kwa laptopu: muulize mama, kwake hasara inaanzia gramu ngapi?