Daftari la Wiki: Kutembea kwa Watu

Kamusi zinanichezea. Nikitafuta neno la majira haya ya Oktoba huku Uingereza, moja inanipa "vuli". Vuli! Kwetu vuli ni mvua, ni jembe begani, ni kunde na mahindi ya muda mfupi. Miezi ni ileile, ila huku ndipo mti unapovua nguo. Wapo wanaopendelea "mapukutiko", neno nililoliona la darasani mpaka Jumamosi iliyopita, nilipolisikia chini ya gambuti zangu.

* * *

Tulikuwa watu kumi na wanne, Waswahili wa Oxford na Reading, tumekwenda kutembea Blenheim, jirani na mji mdogo wa Woodstock. Basi kutoka Oxford huchukua kama nusu saa. Bi mkubwa wetu mmoja, aliyekuja kumwangalia mjukuu, aliuliza ndani ya basi:

"Tunakwenda wapi?"

"Kutembea, bibi."

"Kumtembelea nani?"

Hapo tukakwama. Mwingereza huvaa viatu vya matope, akazunguka maili sita, akarudi palepale alipoanzia, na siku ikawa imekwenda vizuri. Kwa bibi, kutembea ni kwenda kwa mtu. Tukamwambia mwenye mahali ni Duke wa Marlborough, na hatujui kama yupo nyumbani.

"Sasa mnaingia kwa mtu bila hodi?"

Hodi tuliipiga kwa kukata tiketi, maana tulitaka kulizunguka ziwa. Ila ajue msomaji kwamba zipo pia njia za umma zinazokatiza viwanja hivi, na anayezifuata hadaiwi senti.

* * *

Nyumba ilianza kujengwa mwaka 1705. Mwaka mmoja kabla, tarehe 13 Agosti 1704, John Churchill, Duke wa kwanza, aliwashinda Wafaransa na wenzao wa Bavaria katika kijiji cha Blindheim, Ujerumani. Malkia Anne akamtunza ardhi ya kifalme ya Woodstock, na jina la kijiji likapinda midomoni mwa Waingereza likawa Blenheim. Kodi ya ardhi hiyo mpaka leo ni bendera: kila mwaka, siku ya vita ikikaribia, nakala ya bendera ya Kifaransa hupelekwa Windsor kwa mfalme. Nimepanga vyumba vingi katika nchi hii. Mwenye nyumba wa namna hiyo sijakutana naye.

* * *

Jumba sikulitazama sana. Ni kubwa, lina nguzo, linataka uliogope. Kilichonishika ni uwanja wake, zaidi ya ekari 2,000 za nyasi, miti na maji, ambazo ukizitazama kwa haraka utasema Mungu aliziacha hivyo.

Mzee wetu wa Tanga hakudanganyika. Amekulia kando ya mto Pangani, na maji anayajua. Alisimama ukingoni mwa ziwa, mikono nyuma, akasema: "Maji hayajikunji hivi yenyewe. Hapa kuna mtu."

Yupo kweli. Mjenzi wa jumba, John Vanbrugh, alijenga daraja la kutisha, lenye vyumba zaidi ya thelathini ndani yake, juu ya bonde lenye kijito chembamba cha Glyme. Daraja likawa kama kanzu ya baba kwa mtoto. Miaka ikapita. Kuanzia 1764 akaletwa mtaalamu wa bustani, Lancelot Brown, aliyebandikwa jina la Capability kwa sababu alimwambia kila tajiri aliyemwita kwamba ardhi yake ina uwezo wa kuwa bora. Brown akaziba kijito. Maji yakapanda, yakameza vyumba vya chini vya daraja, yakatanda kushoto na kulia, na daraja likapata saizi yake bila kupunguzwa jiwe.

Kisha akapanda miti. Si kwa mistari kama ya mkonge, bali kwa mafungu, hapa kumi, pale mmoja peke yake, ili jicho litembee mpaka kilele cha mwinuko na lisione mwisho wa mali. Huo ndio ujanja wake, kufuta alama za mkono wake. Alikufa mwaka 1783. Mwaloni uliopandwa mwaka 1764 ulikuwa bado mtoto alipozikwa, na wale matajiri walimlipa fedha nyingi kwa kivuli ambacho wao wenyewe wasingekikalia. Mimi, kati ya Duke aliyeshinda vita na fundi aliyeziba kijito, namwamkia fundi kwanza.

* * *

Bibi aliokota jani jekundu, akaligeuza. "Mbona kama la mkungu?" Na ni kweli. Aliyekua pwani ameyafagia majani ya mkungu uani, mapana, mekundu kama yamepakwa. Tunasema kwetu hakuna mapukutiko, tumesahau mkungu. Mbuyu nao husimama uchi miezi mizima na hakuna anayeusafiria kwa basi kwenda kuupiga picha.

Siku zikifupika, mti huacha kutengeneza ile rangi ya kijani. Manjano inayojitokeza haikuja leo. Ilikuwemo tangu jani linachanua, imefunikwa tu. Nyekundu ndiyo mgeni, jani huitengeneza dakika za mwisho kwa sukari iliyobaki ndani yake. Kisha penye kikonyo mti hujenga ukuta mwembamba wa seli, kama kizibo, na upepo hubaki na kazi ndogo sana. Kwa hiyo jani haliutoroki mti. Mti ndio uliofunga mlango.

Mahamri yalitolewa chini ya mwerezi. Chai ilipoa upesi mno.

* * *

Jambo moja dogo la kufurahisha. Karne sita kabla ya jumba, Mfalme Henry wa Kwanza alizungushia eneo la Woodstock ukuta wa mawe akafuga humo wanyama aliopewa na wafalme wa nchi za mbali: simba, chui, ngamia, na nungunungu mmoja. Nimekuwa nikimfikiria huyo nungunungu wiki nzima.

* * *

Kando ya ziwa kuna kijengo chenye nguzo, kinaitwa Hekalu la Diana. Hapo, Agosti 1908, Winston Churchill, aliyezaliwa katika jumba hilo tarehe 30 Novemba 1874, alimposa Clementine Hozier. Miezi kumi tu nyuma alikuwa Mombasa. Mwishoni mwa Oktoba 1907, akiwa naibu waziri wa Makoloni, alipanda reli ya Uganda na kukaa kwenye benchi mbele kabisa ya injini, akitazama wanyama wa nyika wakipita, kisha akaandika kitabu cha safari hiyo. Nilipomsimulia bibi, aliuliza swali lake la kwanza tena: alikwenda kumtembelea nani, na alipiga hodi kwa nani? Wenzangu walicheka. Mzee wa Tanga hakucheka.

Churchill amezikwa Bladon, kijiji kilicho mlangoni mwa uwanja. Hatukufika, kiza kilituwahi.

* * *

Na kiza kitatuwahi zaidi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uingereza hurudishwa nyuma, na tofauti kati yetu na Afrika Mashariki, iliyokuwa saa mbili, inakuwa saa tatu mpaka mwisho wa Machi. Ndugu zetu mnaotupigia simu mkishasali alfajiri, tafadhali, subirini saa moja zaidi.