Kilichomwangusha Marković

Wengi husema Yugoslavia ilivunjwa na chuki za kikabila. Mimi naona hazina ilitangulia. Ante Marković alishika uwaziri mkuu wa shirikisho Machi 1989, bei zikipanda kila uchao. Desemba mwaka huo baraza lake lilitangaza dinari mpya, 7 kwa marki 1 ya Ujerumani, na baada ya miezi michache bei zikatulia. Lakini mwisho wa 1990 bunge la Serbia liliidhinisha kwa siri kuchotwa kwa mabilioni ya dinari. Slovenia na Croatia zikajitangazia uhuru Juni 1991. Desemba Marković akajiuzulu. Mawaziri wa shirikisho hawana nguvu, jamuiya, ikiwa wa mikoani wanajichotea mfuko wa wote na hakuna wa kuwazuia.