Magadi Yetu, Elimu ya Nani?

Wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba swali la kuwako au kutokuwako kwa uhai nje ya dunia hii ni mchezo wa mataifa yenye fedha za kuchezea. Mtu wa Babati, wanasema, ana shida ya maji, ya barabara na ya mbolea. Habari za sayari na awaachie wenye vyombo vya kurukia angani. Fikira hiyo husemwa kwa sauti ya busara, lakini si busara. Ni kasumba, na ni wajibu wetu kuipinga, kwa sababu jibu la swali hilo linatafutwa katika maji ya magadi kama haya yaliyotuzunguka, na atakayeyasoma maji hayo ndiye atakayenufaika nayo.

Tuanze na mambo yaliyo dhahiri. Mpaka leo hakuna aliyethibitisha uhai popote nje ya dunia. Kwa kuwa binadamu hawezi kwenda kuchota maji katika miezi ya mbali, wanasayansi huchagua mahali papa hapa duniani panapofanana na huko, wakachunguza ni viumbe gani wanaishi humo, wanakula nini, na wanaacha alama gani katika tope na chumvi. Kisha alama zizo hizo ndizo zinazotafutwa angani.

Na yaliyopatikana hivi karibuni yanatugusa sisi hasa. Mwezi Septemba 2023 chombo cha NASA, shirika la anga la Marekani, kilileta duniani gramu zipatazo 120 za mawe na vumbi kutoka Bennu, jiwe kubwa linalolizunguka jua. Januari 2025 wataalamu walitangaza kwamba ndani yake wamekuta chumvi zilizoachwa na maji yaliyokauka zamani mno, na mojawapo ni magadi. Naam, magadi: kitu kile kile ambacho mama zetu hukitia katika chungu cha maharage ili yaive upesi. Aidha, mwezi mmoja wa sayari ya Zohali, uitwao Enceladus, una bahari iliyofunikwa na barafu, na maji yake huruka nje kwa kupitia nyufa. Chombo Cassini, kilichoizunguka Zohali tangu 2004 hadi 2017, kilipita katika mruko huo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa maji hayo yana fosfati kwa wingi, na wataalamu wanaamini kwamba bahari hiyo ni ya magadi.

Sasa tutazame kwetu. Mji wa Babati umekaa kando ya ziwa la maji baridi, lenye samaki na viboko. Lakini kaskazini yetu liko Ziwa Manyara. Chini ya Mlima Hanang liko Balangida, ambako wananchi hukusanya chumvi. Na mbele zaidi, katika Mkoa wa Arusha, liko Natron, jirani na Oldonyo Lengai, volkano pekee iliyo hai duniani ambayo lava yake ni ya jamii ya magadi. Mgeni huyatazama maji hayo akasema yamekufa. Hasha! Yamejaa vijimea vidogo mno, ambavyo heroe huvila kwa maelfu na kupata kwavyo rangi yao nyekundu. Palipodhaniwa kuwa ni kaburi, pana uhai.

Anayesema kuwa haya hayamhusu mkulima na asikilize. Fosfati ni kitu ambacho kila kiumbe hai hukihitaji. Katika maji ya kawaida hukamatwa na kalisi, ikazama na kugeuka jiwe. Katika maji ya magadi, kalisi huwahi kunaswa na kabonati, na fosfati ikabaki huru. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walipoieleza kanuni hiyo mwishoni mwa mwaka 2019, walisema kuwa maziwa ya namna hii, mfano wake mmoja ukiwa Ziwa Magadi la Kenya, yanaweza kutuonyesha jinsi uhai wenyewe ulivyoanza.

Lakini kalisi hiyo hiyo ndiyo inayozuia floraidi. Ikikosekana, floraidi nayo hubaki huru majini, ikaingia katika visima na chemchemi, ikawatia watoto wetu meno ya kahawia na kuwapinda mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja, na maji ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa yanakivuka. Basi elimu hiyo ni moja. Anayeelewa kwa nini bahari ya Enceladus ina fosfati anaelewa pia kwa nini kisima cha kijiji kina floraidi. Tena fosfati inayochimbwa Minjingu, katika Wilaya ya Babati, tangu mwaka 1983, ni kinyesi na mifupa ya ndege walioishi pale Ziwa Manyara lilipokuwa pana zaidi. Kemia ya maziwa haya imo katika mbolea ya shamba na katika maji ya kunywa. Ni anasa gani hiyo?

Tumeona kwa jirani zetu hatari ya kulala. Mwaka 1992 bakteria walichukuliwa kutoka maziwa ya magadi ya Kenya, likiwamo Bogoria. Kutokana nao vikatengenezwa vimeng'enya vya kupausha nguo za jinzi na vya kutia katika sabuni, vikauzwa na kampuni ya Genencor. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lililalamika kwamba viumbe hao walichukuliwa bila idhini yake. Kampuni ikasema ilifuata sheria. Hatukusudii kuamua shauri hilo. Tunalosema ni kwamba mwenye ziwa alidai haki yake baada ya miaka kumi na miwili, bidhaa zikiwa zimekwisha fika sokoni. Ndipo mwaka 2007 shirika hilo likaafikiana na kampuni nyingine, Novozymes ya Denmark, kuhusu malipo na mafunzo kwa Wakenya.

Wengine watasema: basi tufunge milango. Hilo nalo ni kosa. Ziwa lililofungiwa halimfundishi mtu. Wala tusidhani kwamba wakubwa wakisema, wamemaliza. Mwaka 2010 ilitangazwa kwa vishindo kwamba bakteria wa Ziwa Mono, ziwa la magadi huko California, wanaweza kutumia aseniki mahali pa fosfati. Mwaka 2012 wengine walipopima wakaona kwamba bakteria hao bado wanahitaji fosfati, na mwaka 2025 jarida la Science likaiondoa makala hiyo, ingawa waandishi wake walipinga. Kosa lilijulikana kwa sababu walikuwapo wengine wenye vyombo na ujuzi wa kupima upya. Sisi tukiwa hatuna mpimaji, tutaamini kila tunaloambiwa juu ya maji yetu wenyewe.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, kila sampuli inayotoka katika maziwa haya iache nusu yake nchini, na kibali cha COSTECH kiwe na sharti hilo. Pili, Mtanzania ashiriki katika uchambuzi na uandishi, asiwe mbeba chupa na mwonyesha njia. Tatu, pawe na kituo kidogo cha kupima maji hapa Babati, kwa ushirikiano na Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, na shule zetu za sekondari zipime kila mwezi maji ya Babati, ya Manyara na ya Balangida, na kutunza daftari la vipimo.

Kazi hiyo haihitaji roketi. Yahitaji chupa safi, vipimo sahihi, walimu wenye bidii na uongozi unaoona mbali. Magadi ni yetu tangu enzi za mababu. Elimu iliyomo ndani yake haitakuwa yetu mpaka tuitolee jasho.