Ubao Usiosomwa: Maandishi ya Vyombo vya Mokowe na Wajibu wa Uhakiki

Katika mijadala ya turathi za Lamu, kumekuwa na mazoea ya kuligawa jambo moja mafungu mawili: mbao huachiwa seremala na makumbusho, maneno huachiwa mhakiki wa fasihi. Mgawanyo huu waweza kudhaniwa kuwa ni wa kurahisisha kazi tu. Kwa hakika ni kosa la kinadharia, na hasara yake yaonekana gatini Mokowe.

Mokowe ni gati la bara linalokabili kisiwa cha Lamu. Hapo msafiri wa barabara hushuka garini na kupanda chombo. Hapo pia shehena ya kisiwani inayokwenda bara hupakiwa malorini. Vyombo vya mbao vya eneo hili huandikwa kwa rangi omoni, ubavuni na tezini: majina, dua, methali, vijembe. Chombo kikishachakaa, mbao zake hupata maisha ya pili. Hugeuzwa meza, vitanda na fremu za vioo, na mnunuzi huvutiwa na rangi iliyobabuliwa na jua na chumvi. Anayependa mbao safi hupigiwa randa. Anayependa ukale hukatiwa ubao kwa kipimo cha fremu, hata kama msumeno wapita katikati ya neno. Katika hali ya pili rangi hubaki, lakini matini hufa.

Wapo wanaodai kwamba hakuna kilichokufa, kwa kuwa maandishi hayo si fasihi: ni mafupi, hayana mtunzi anayejulikana, na yamefungamana na biashara. Hoja hii haina mashiko. Ufupi haujakiondoa kitendawili katika fasihi, wala methali haijakataliwa kwa kukosa jina la mtunzi. Kuhusu biashara, semi za kanga huuzwa pamoja na kitambaa chenyewe, na bado wahakiki wamezisoma kama mazungumzo ya watu wenye jambo la kuambiana. Kinachokubaliwa kiunoni mwa mwanamke hakiwezi kukataliwa ubavuni mwa chombo.

Lamu yenyewe inalo jibu. Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mnakili wa tendi kwa hati za Kiarabu, na mchonga milango. Mkono uliowanakilia wataalamu wa Ulaya miswada ndio ulioshika patasi. Miswada yake iliyofika London imehifadhiwa maktabani na kuhakikiwa neno kwa neno. Aliyeamua kwamba kalamu ya mtu huyo ni ya fasihi na patasi yake ni ya useremala si Kijuma, wala si jamii yake. Ni mpangilio wa idara za vyuo vikuu.

Wanaakiolojia wamewatangulia wahakiki. Mwaka 1964 Peter na Margaret Garlake walichapisha uchunguzi wao wa michoro ya vyombo iliyokwaruzwa kwenye lipu ya magofu ya Pwani. Hivyo chombo kikichorwa ukutani ni turathi. Neno likiandikwa kwenye chombo ni kuni. Sheria nayo haisaidii sana. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006 hukihesabu kuwa cha kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, nayo huvitenga vitabu na hati. Ubao ulioandikwa rangi katika karne ya 20 hauna umri wa kutosha kuwa kitu cha kale, na hakuna anayeusoma hata uwe hati.

Ipo hoja nzito zaidi. Husemwa kwamba maandishi ya chombo hayakukusudiwa kudumu: mwenye chombo hupaka rangi upya, chombo huuzwa na jina hubadilishwa, basi kuyahifadhi ni kuyasaliti. Ni kweli kwamba hufutwa. Lakini kufuta kwa aina hii ni sehemu ya mazungumzo. Tuchukulie chombo kilichoandikwa "Subira", kisha mnunuzi wake akaandika "Tawakal" juu yake. Aliyefuta amejibu, ameacha ushauri wa kungoja, akachagua kumwachia Mungu huku akitweka tanga. Matabaka mawili ya rangi ni beti mbili. Randa ya duka la samani haijibu chochote, kwa kuwa haikusoma kitu.

Wala ubao uliookolewa mzima, neno likiwa kamili, haujaokoka bado. "Subira" juu ya kitanda cha hoteli ni pambo. Ili liwe matini sharti ijulikane liliandikwa kwenye chombo gani, kilichovua au kilichobeba abiria, na kama lilimlenga nahodha, mdai, au mpinzani wa gati lilelile. Ukuta wa Berlin ulipoanza kubomolewa mwaka 1989, vipande vyenye rangi viliuzwa duniani kote. Aliyenunua kipande alipata rangi, si sentensi. Mokowe inaelekea huko huko, tena bila mtu wa kupiga picha ya ukuta kabla haujavunjwa.

Hakuna anayepaswa kumzuia fundi kuuza ubao wake. Huo ndio riziki yake, na uhifadhi unaomnyima mtu chakula hautadumu. Kinachodaiwa ni kidogo, na ndiyo maana kutokifanya hakuna udhuru. Yatosha daftari moja gatini Mokowe na mwanafunzi mmoja wa uzamili mwenye kamera. Kabla ubao haujapanda lori, apige picha pande zote mbili, aandike jina la chombo, aina yake, mahali kilipoundwa, na maelezo ya nahodha au mabaharia wake juu ya neno lile. Kazi hiyo haihitaji sheria mpya. Yahitaji idara ya fasihi ikubali kwamba ni yake.

Al-Inkishafi hufundishwa katika idara hizo kama utenzi uliosoma magofu ya Pate na kupata ndani yake hoja juu ya ulimwengu. Wanaoufundisha hupita Mokowe wakienda Lamu, hukanyaga mbao zilizoandikwa, na hushuka ng'ambo bila kusoma.