Karibu miaka tisa kwa maneno mawili

Ukikaa na wenzetu wa sheria au wa uchumi, hutakosa kusikia lalamiko hili: kuandikisha alama ya biashara kunachukua muda mrefu mno. Mtu amepata jina zuri la sabuni yake, amejaza karatasi, amelipa, kisha anangoja. Kwetu Kongo mambo hayo yanaongozwa na sheria ya tarehe 7 Januari 1982 juu ya mali ya viwanda, na dosye inapelekwa wizarani Kinshasa. Kwa mfanyabiashara wa Bukavu au wa Lubumbashi, umbali huo peke yake ni ucheleweshaji tosha. Namhurumia kabisa. Ila mimi nasoma lugha, na kwa upande wetu sisi wa lugha kungoja huko kuna faida ambayo sijasikia mtu akiitaja hapa fakulte.

Chukueni mfano ambao kila mmoja wetu anaujua nusu. Mwaka 1994, mwaka ule ule wa filamu ya The Lion King, kampuni ya Disney ilipeleka ombi katika ofisi ya alama za biashara ya Marekani ili iandikishiwe maneno "Hakuna Matata" kwa ajili ya mavazi. Uandikishaji ulikamilika mwaka 2003. Karibu miaka tisa! Mtoto aliyezaliwa siku ya ombi alikuwa tayari anasoma na kuandika. Na maneno yenyewe hayakuzaliwa na filamu: wanamuziki wa Kenya, Them Mushrooms, walikuwa wameyaimba tangu mwaka 1982 katika "Jambo Bwana", na watu wa pwani walikuwa wakiyasema bila kumwomba mtu ruhusa.

Malalamiko yetu yalikuja lini? Mwaka 2018. Mwanaharakati mmoja wa Zimbabwe (si Mswahili wa pwani, wala si sisi wa Kivu au Katanga) alianzisha ombi kwenye intaneti, na watu zaidi ya laki moja wakatia sahihi. Miaka kumi na mitano ilikuwa imekwisha kupita. Makelele yalikuwa makubwa, na alama ikabaki pale pale.

Tusitie chumvi lakini. Alama iliyoandikishwa Marekani ina nguvu Marekani, tena kwa bidhaa zilizotajwa tu. Hakuna atakayemkamata mama wa soko la Kadutu kwa kusema "hakuna matata". Na kwa kweli yeye angesema "hakuna shida", kwa sababu huku kwetu Matata ni jina la mtu, hata waziri mkuu mmoja alikuwa nalo. Atakayepata tabu ni kijana anayechapa fulana na kutaka kuziuza ng'ambo. Huyo ataambiwa kwamba maneno ya lugha yake, yakiandikwa juu ya nguo, yana mwenyewe.

Kwa nini nasema kungoja kuna faida? Kwa sababu ndani ya muda huo mna mlango. Ofisi ikisha kulichunguza ombi, hulitangaza ili mwenye pingamizi ajitokeze. Marekani tangazo hutoka katika gazeti rasmi la kila Jumanne, na mlango hukaa wazi siku 30, ambazo mtu anaweza kuomba ziongezwe. Uingereza ni miezi miwili, na wa tatu kwa anayetoa taarifa mapema. Katika ofisi ya Umoja wa Ulaya ni miezi mitatu. Ukipunguza muda, kitu cha kwanza kitakachobanwa ni mlango huo. Mfanyabiashara anauona kama kikwazo. Kwa lugha isiyo na wakili, ndiyo nafasi yake.

Na nafasi hiyo imewahi kutumika. Kampuni moja ya Uingereza ilitaka kuandikisha neno "kikoy", yaani kikoi chetu, ile nguo ambayo wafumaji wa Kenya wanaiuza nje kwa jina hilo. Safari hii tangazo lilisomwa kwa wakati. Mwaka 2007 shirika la Traidcraft lilipeleka pingamizi kwa ajili ya wafumaji, na mwishowe ombi likaachwa. Wafumaji wale hawakuwa na nguvu kuliko wasemaji wote wa Kiswahili. Walikuwa na mtu aliyesoma tangazo kabla mlango haujafungwa, basi.

Kati ya 1994 na 2003 nani huku angesoma gazeti la ofisi ya Marekani? Mashariki ya Kongo ilipita vita viwili. Tulikuwa na matata yetu. Leo magazeti hayo yako wazi kwenye intaneti, bila malipo, hata kwa simu.

Tena kuna jambo linalotugusa sisi moja kwa moja. Ofisi ya Marekani humdai mwombaji atoe tafsiri ya neno la kigeni lililomo katika alama yake, kwa kuwa neno linaloeleza bidhaa tu halipaswi kuwa mali ya mtu mmoja hata likiwa la lugha nyingine. Mtu asipewe "maji" kwa kuuza maji. Lakini tafsiri hiyo inaletwa na nani? Na mwombaji mwenyewe! Neno "matata" peke yake, Mkongo anajua kwamba ni la Kiswahili na la Kilingala pia, na kwamba linaweza kuwa shida, ugomvi au ukorofi kufuatana na anayelisema. Mambo hayo hayaingii katika mstari mmoja wa fomu.

Ndiyo maana naomba walimu wetu wakubali somo hili kwa kazi za mwisho wa masomo. Mwanafunzi mmoja achukue gazeti la ofisi moja, la mwaka mmoja, atafute maneno ya Kiswahili yaliyoombwa: safari, simba, jambo na mengine; alinganishe tafsiri iliyoandikwa na maana inayojulikana kwa wasemaji; aandike pia tarehe ya kufungwa kwa kila mlango. Tuna kazi za kutosha juu ya ngeli. Nakala ya kwanza ya orodha hiyo ipelekwe kwa wenzetu wa sheria, wao wanajua barua ya pingamizi inavyoandikwa.