Mazungumzo ya Juma Hili: Masikio ya Mwendesha Baiskeli

Jumapili iliyopita jioni alinijia kijana mmoja jirani yangu, karani mwenzangu ambaye hajatimiza mwaka kazini. Amechoka na nauli za matatu, naye amenunua baiskeli ili aende nayo ofisini mjini Kisumu, kama nifanyavyo mimi kutoka upande huu wa Kibos. Baada ya salamu na chai akaniuliza, "Kaka, je, ni vibaya mtu kusikiliza muziki akiwa njiani? Mimi nikivaa vipokea sauti masikioni naona safari ni fupi, walakini mke wangu ananigombeza kila asubuhi." Nikamwambia kwamba jibu lake atalisoma hapa, maana swali hili si lake peke yake. Kila siku barabarani nawaona vijana wengi wameziba masikio namna hiyo, vichwa vikitikisika kwa nyimbo ambazo sisi wengine hatuzisikii.

Kwanza yafaa nimtendee haki. Asemapo kwamba muziki humfupishia safari hasemi uongo, na jambo hilo lilipimwa zamani. Mwaka 1911 bwana mmoja wa Marekani, Leonard Ayres, aliandika habari za mashindano ya baiskeli ya siku sita katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Ukumbini ilikuwamo bendi, nayo ilikuwa ikipiga na kupumzika. Ayres alipopima mwendo wa washindani aliona kwamba bendi ikipiga walikwenda wastani wa maili 19.6 kwa saa, na ikinyamaza walishuka hadi maili 17.9. Watu walikuwa wale wale na baiskeli zile zile.

Mwaka 2010 wataalamu wa Uingereza walitangaza kipimo kingine. Walichukua wanafunzi 12 wakawaweka juu ya baiskeli zisizotoka mahali pake, kila mmoja akanyage kwa nguvu aipendayo huku akisikiliza nyimbo sita. Safari moja nyimbo zilipigwa kama zilivyo. Safari nyingine ziliharakishwa kwa asilimia 10. Na nyingine zilipunguzwa mwendo kwa asilimia 10, wala wenyewe hawakuambiwa. Nyimbo zilipoharakishwa, mwendo wao uliongezeka kwa asilimia 2.1, na nguvu waliyotoa kwa asilimia 3.5. Zilipopunguzwa, mwendo ulipungua kwa asilimia 3.8, na nguvu kwa asilimia 9.8. La ajabu ni kwamba nyimbo za haraka hazikuwafanya waione kazi kuwa nyepesi. Walijua wazi kwamba wanajitahidi zaidi, na bado waliufurahia muziki ule zaidi.

Sisi wa pande hizi hatuna sababu ya kushangaa. Mpiga nyatiti huketi na chombo chake chenye nyuzi nane, na kidoleni mwa mguu huvaa pete ya chuma ambayo huigonga juu ya ubao wa chombo hicho. Vidole vya mikono huimba, na mguu ndio ushikao mwendo. Wapiga magitaa wa benga walijifunza mengi katika nyuzi hizo, na kwa hiyo benga hupenda kuingia miguuni kabla haijaingia kichwani. Na baiskeli je, si kazi ya mguu mmoja baada ya mwingine?

Mwenye kupenda hesabu na afanye hesabu hii. Baiskeli yangu ni nyeusi, ya chuma, isiyo na gia za kubadilisha. Gurudumu la meno la mbele lina meno 44 na la nyuma 18, kwa hiyo pedali zikizunguka mara moja mimi huenda mita tano na zaidi kidogo. Nikizungusha mara 60 kwa dakika, nakwenda kama kilomita 19 kwa saa, na kila dakika miguu yangu miwili imekanyaga mara 120. Basi wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika hunipa pigo moja kwa kila mguu. Kilomita zangu tisa za kwenda kazini huisha kwa nusu saa hivi, nami huingia ofisini kabla ya saa mbili bila ya kuhema.

Mpaka hapo kijana wetu ameshinda, na mkewe ameshindwa. Sasa sina budi kueleza jambo ambalo sikupenda kulieleza.

Miaka michache iliyopita mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa kuziba masikio. Jioni moja ya masika nilikuwa nikirudi nyumbani, benga imejaa kichwani, miguu ikienda yenyewe. Mbele yangu nikaona shimo lililojaa maji. Nikakata kuume, kuelekea katikati ya barabara, bila ya kugeuza shingo. Nyuma yangu alikuwa mzee mmoja mchuuzi, amefunga kapu la ngege juu ya keria yake. Alikuwa amepiga kengele mara tatu, kisha akapaza sauti. Waliokuwa kando ya njia walisikia yote. Mimi tu sikusikia. Ili asinigonge, na kwa kuwa trekta la miwa lilikuwa likija kutoka mbele, mzee yule aliitupa baiskeli yake mtaroni.

Mimi sikupata hata mkwaruzo. Nilijua kuna jambo pale tu nilipowaona watoto wakikimbia huku wakinyoosha vidole nyuma yangu. Nilipogeuka nilimkuta mzee ameketi kwenye matope, mkono wake wa kushoto umevunjika, samaki wametawanyika majanini. Hakunitukana. Aliutazama ule uzi uliokuwa ukining'inia shingoni mwangu, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ulikuwa ukisikiliza nini?" Nikajaribu kukumbuka wimbo ule ili nimjibu, nisiukumbuke.

Nililipa gharama za hospitali, lakini fedha haikumaliza deni. Mtu mwenye mkono katika plasta hawezi kushika usukani, na asiyeweza kushika usukani hafikishi samaki sokoni. Kwa majuma sita, kila nilipotoka kazini, nilimchukulia kapu lake juu ya keria yangu. Sikuvaa kitu masikioni siku hizo. Nilikuwa na haya. Nami katika majuma hayo nikagundua ni mangapi niliyokuwa nikiyakosa. Nilisikia mnyororo ukilia kwa kukosa mafuta, na spoki iliyolegea ikigonga kabla haijakatika. Nilisikia trekta mbali, nikajua kama linavuta tela moja au mawili. Nilisikia watoto nyuma ya mimea wakikimbizana, nikapunguza mwendo kabla hawajachomoka njiani. Wazee wetu waliposema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sidhani walikuwa wakifikiri habari za baiskeli. Hata hivyo waliipatia, ila kwamba kwangu mimi aliyevunjika hakuwa yule asiyesikia.

Wako watakaosema, "Mimi nitaziba sikio moja tu." Swali zuri, lakini masikio mawili hayakuwekwa kwa ajili ya uzuri wa uso. Ni kwa kulinganisha lisikiwalo na hili na lisikiwalo na lile ndipo tujuapo sauti inatoka upande gani. Mwenye sikio moja atasikia honi, walakini atapata taabu kujua akimbilie wapi. Nchini Ufaransa, ambako mbio za baiskeli ni kama sikukuu ya taifa zima, serikali ilipiga marufuku kuanzia Julai 2015 kuvaa vitu hivyo masikioni mtu anapoendesha baiskeli, hata sikio moja, na faini yake iliwekwa kuwa yuro 135. Wengine hufunga redio ndogo kwenye usukani. Hiyo ni afadhali, mradi sauti iwe ya chini. Ikiwa ya juu huifunika honi vile vile, na kuwaamsha wagonjwa na watoto wachanga wa kila nyumba uipitayo.

Basi, je, muziki tuuache? La, hasha. Siku moja nilipokuwa nikimfungulia mzee yule kapu lake alinicheka, akasema, "Mbona waja kimya kama askari wa zamu? Imba. Aimbaye mwenyewe hazibi masikio yake." Tangu siku ile nafanya hivyo. Asubuhi, ninapokunywa chai, nausikiliza wimbo mmoja wenye mwendo unaolingana na miguu yangu. Kisha kifaa hukaa mfukoni, na wimbo hukaa kichwani. Njia ikiwa wazi nauimba kwa sauti ndogo. Nikikaribia njia panda nanyamaza.

Tena kuimba kuna faida ambayo chombo cha masikioni hakina: hukupima pumzi. Ukiweza kuimba mstari mzima bila ya kukatika, unakwenda mwendo mwepesi, ufaao kwa mtu anayekwenda ofisini na shati safi. Ukiwa waweza kusema lakini huwezi kuimba, sasa unajitahidi. Na ukiwa huwezi hata kujibu salamu, ama mlima umekuzidi ama umechelewa kuamka. Juhudi ikifikia hapo hata muziki mtamu hausaidii sana, kwa sababu mapafu na miguu hupiga kelele kuliko gitaa lolote.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana ni hili. Ukiwa nyumbani, au juu ya baiskeli iliyofungwa mahali pamoja, ziba masikio upendavyo na ufurahi. Ukiwa barabarani, imba. Na mkeo mshukuru. Kelele zake za asubuhi ni kengele, nawe umejaliwa kuisikia mapema kuliko nilivyoisikia mimi.

Mzee wangu angali akiendesha baiskeli. Mkono wake ulipona, ingawa haunyooki sawasawa kama zamani. Tukikutana njiani jioni, yeye hupiga kengele mara tatu, kisha hungoja. Nami hujibu kwa kengele yangu mara tatu, apate kujua kwamba nimesikia.